Vidole vya Bela

Nani kati yetu hajamwona mtoto wa namna hii? Wenziwe wamekwenda mtoni kuogelea, au wamewafuata kaka zao kwenye mashimo ya dhahabu. Yeye ameketi peke yake chini ya mwembe, na kijiti mkononi, achora mchangani. Achora mbuzi. Achora mtu aliyejitwika gunia la mawe. Achora pikipiki yenye abiria watatu na mizigo yao. Wapitao husimama na kucheka, husema, "Tazama, ni yeye kabisa yule dereva!" Kisha huenda zao, na upepo waufuta mchoro. Jioni baba yake amwuliza, "Umefanya nini leo?" Naye ajibu, "Si kitu, baba."

Huku kwetu Misisi, katika wilaya ya Fizi, mtoto wa namna hii yuko. Mara nyingine ana mguu uliopooza, na ndiyo sababu hakuwafuata wenziwe mtoni. Mara nyingine ni kiziwi. Mara nyingine ni msichana, ambaye apaswa kwanza kuteka maji, na kutwanga muhogo, na kumbeba mdogo wake mgongoni, kabla ya kuchora cho chote. Mara nyingine si kiziwi wala si msichana. Ni maskini tu, na baba yake hajapata kumwona mtu aliyekula kwa kuchora.

Wasomaji wapenzi, leo twataka kuuliza swali moja. Mtoto huyu akikua, akamaliza shule ya sekondari, je, atampata mwalimu wa kumpokea katika shule kubwa za sanaa? Hatuulizi kama milango iko. Milango iko. Akademia ya Sanaa ya Kinshasa ilianza mwaka 1943 huko Gombe-Matadi, kama shule ndogo yenye jina la Mtakatifu Luka, chini ya Bruda Marc Wallenda, Mbelgiji wa Shirika la Mabruda wa Shule za Kikristo. Mwaka 1949 ikahamia mji mkuu, na mwaka 1957 ikapata jina la akademia. Tena huko Lubumbashi akademia ya sanaa ilifunguliwa mwaka 1951. Basi milango haikosekani, ingawa kwa mtu wa Fizi iko mbali sana. Sisi twauliza juu ya mwalimu aliyesimama nyuma ya mlango. Maana mlango waweza kuwa wazi, na aingiaye akakuta kwamba ndani hakuna kiti chake.

Mafundi wa nchi hii

Kabla ya kwenda mbali, na tuanzie nyumbani. Katika majumba ya makumbusho ya Ulaya zimehifadhiwa sanamu za mababu na vinyago vilivyochongwa na Wabembe na Wabuyu, watu wa milima na mabonde yetu haya. Wageni hulipa kiingilio ili wavitazame. Wataalamu wameandika vitabu juu yake. Lakini waliovichonga hawakuwa na diploma. Walijifunza kwa kuketi karibu na fundi mzee, kumshikia gogo, kutazama tezo yake inavyopanda na kushuka, kukosea, kukaripiwa, na kuanza tena.

Kama fundi mmoja wao angefufuka leo na kubisha hodi katika ofisi ya chuo, angeulizwa: Cheti chako kiko wapi? Kifaransa wajua? Karo umeleta? Naye angerudi nyumbani na tezo yake begani, na chuo kisingejua kwamba kimemfukuza mtu ambaye kazi yake yatazamwa Ulaya.

Hatusemi kwamba vyeti havina maana, wala kwamba Kifaransa hakifai. Twasema tu kwamba maswali hayo matatu hayapimi sanaa. Yapima njia ambayo mtu amepitia. Na hapo ndipo kosa huanzia: tunachanganya kipimo na njia.

Hangari ya Elisabethville

Twende sasa kusini, mpaka Katanga, ambako nako Kiswahili ni lugha ya mitaani na sokoni. Mwaka 1946, katika mji wa Elisabethville, ambao leo huitwa Lubumbashi, Mfaransa mmoja aliyekuwa zamani ofisa wa jeshi la majini, jina lake Pierre Romain-Desfossés, alifungua mahali pa kujifunzia uchoraji. Mahali hapo pakajulikana kwa jina la Hangari. Hakutafuta vijana wenye vyeti. Alitafuta wenye macho na mikono.

Mmoja wao alikuwa Bela. Bela alizaliwa mbali, katika nchi ya Chadi, naye alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa Romain-Desfossés mwenyewe. Alipoanza kuchora hakutumia burashi. Alichovya vidole katika rangi, akachora kwa ncha za vidole, alama juu ya alama, mpaka karatasi ikajaa majani, samaki na wanyama.

Fikirini walimu wangapi wangemkaripia! "Bela, burashi ile pale. Mchoraji wa kweli hutumia burashi. Kanawe mikono, uanze tena." Na pengine Bela, akiwa mtumishi aliyezoea kuitikia, angenawa mikono, angeshika burashi, angechora vibaya, na hadithi yake ingekwisha siku ile. Lakini mwalimu alimwacha achore kwa vidole. Leo, ye yote aandikaye habari za uchoraji wa Kongo hulitaja jina la Bela, na huvitaja vidole vyake.

Karibu na Bela walikaa wengine. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka, na kuzijaza picha zake vialama vidogo vidogo visivyohesabika. Mwenze Kibwanga alichora watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyopishana, kama ukili wa mkeka. Mwalimu alikuwa mmoja, chumba kimoja, rangi zile zile. Lakini aonaye picha zao hawezi kuzichanganya. Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954. Baadaye Pilipili na Mwenze nao walifundisha wengine katika akademia ya mji ule.

Wasomaji wataona kwamba Bela hakuhurumiwa. Mwalimu hakusema, "Huyu ni mtumishi, maskini, na tukubali kazi yake ijapokuwa ni mbaya." La, hasha. Picha ilibidi iwe nzuri. Kipimo kilikuwa kile kile. Njia ndiyo iliyoachwa huru. Siku hizi wenye elimu huliita jambo hili elimu jumuishi, yaani mafundisho yanayomjumuisha kila mwanafunzi. Jina ni jipya, lakini jambo lenyewe Bela alikwisha kutuonyesha.

Ngoma isikiwayo kwa miguu

Pengine msomaji atasema, "Bela alikuwa na mikono yake mizima. Je, mtu aliyekosa kiungo kile kile ambacho sanaa yenyewe yakitaka, atafanyaje?" Swali ni la haki, na jibu lake latoka Uskoti.

Huko alizaliwa mwaka 1965 msichana aitwaye Evelyn Glennie. Tangu utoto masikio yake yalianza kufa, na alipofika miaka 12 alikuwa kiziwi kabisa, au karibu na kabisa. Hata hivyo alitaka kuwa mpiga ngoma. Kila aliyesikia alishangaa: kiziwi na muziki, wapi na wapi? Lakini mwalimu wake wa kwanza wa ngoma alimfundisha kuweka mikono yake ukutani, penye chumba cha ngoma, na kuusikia mtetemo. Akatambua kwamba sauti nene huitikia chini mwilini, katika miguu, na sauti nyembamba huitikia juu, usoni na shingoni. Hata leo huvua viatu apigapo, ili sakafu imweleze habari.

Alipoomba kuingia katika chuo kikuu cha muziki huko London, Royal Academy of Music, walimu walisita. Walisema hawaoni mwanamuziki kiziwi atapata kazi gani baadaye. Yeye akawajibu kwa swali: je, mwawapokea watu kwa sababu ya uwezo wao wa kupiga, au kwa sababu ya jambo jingine? Wakamsikiliza tena, wakampokea. Tangu hapo vyuo vya muziki vya Uingereza vilianza kumpima mwombaji kwa muziki atoao, si kwa mwili alio nao. Naye akawa mmoja wa wapiga ngoma mashuhuri duniani.

Sisi wa Fizi twaijua ngoma. Nani asiyejua kwamba ngoma kubwa ikipigwa, kifua chatetemeka kabla sikio halijafahamu? Basi mtoto kiziwi wa Misisi ambaye hucheza ngoma pamoja na wengine, bila kukosea hatua, si mwujiza. Asikia kwa njia nyingine, na anangoja mwalimu atakayeijua njia hiyo.

Makerere wabadili neno lao

Tugeuke sasa upande wa kaskazini, mpaka Kampala katika Uganda. Chuo cha Makerere kilianza mwaka 1922, kwa wanafunzi 14 wa kiume, waliojifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Neno la chuo, lililokuwa kama bendera yake, lilisema: Na tuwe wanaume. Mwaka 1945 wasichana 6 wa kwanza waliingia. Neno lile likawa haliwezi kusemwa tena bila aibu, likabadilishwa. Tangu hapo Makerere husema: Twajenga kwa ajili ya wakati ujao.

Ni jambo dogo, kubadili maneno machache? Si dogo. Msichana asomaye juu ya mlango kwamba yampasa awe mwanamume, amekwisha kuambiwa kwamba hapa si kwake. Vyuo vingi havina maneno hayo mlangoni, lakini vinayo darasani: katika mifano atoayo mwalimu, katika saa alizozichagua, katika mzaha wake.

Katika Makerere hiyo Mwingereza Bibi Margaret Trowell alianzisha mafundisho ya sanaa katika miaka ya 1930, kwanza katika baraza ya nyumba yake. Alikuwa na desturi ya kuwasimulia wanafunzi jambo, kama vile jioni ya kijijini au safari ya sokoni, kisha akawaacha wachore walichokiona kwa macho ya moyo. Mtu aliyelelewa kwa hadithi za bibi yake, penye moto, alifahamu mara moja. Hakutakiwa kwanza kuwa Mzungu ndipo awe mchoraji. Katika shule hiyo alitoka Gregory Maloba wa Kenya, aliyeitengeneza sanamu kubwa ya uhuru iliyosimama Kampala tangu mwaka 1962, mama anyanyuaye mtoto wake juu. Akatoka pia Sam Ntiro wa Machame, Kilimanjaro, aliyechora watu wa kwao wakilima na kuvuna. Picha yake moja iko katika jumba la Museum of Modern Art huko New York.

Na mwaka 1950 akaingia Rosemary Namuli, msichana wa kwanza katika shule hiyo ya sanaa.

Miaka mingi ya kimya

Rosemary alizaliwa Meru, Kenya, mwaka 1928. Alisoma kwa masista wa Consolata huko Nyeri, nao ndio walioona kwamba mikono yake ina kipawa. Huko Makerere alijifunza mpaka mwaka 1952. Kisha akarudi Kenya, akaolewa, akaitwa Rosemary Karuga, akazaa watoto, akafundisha shuleni.

Na sanaa yake je? Ilinyamaza. Rangi ni ghali, turubai ni ghali, na mwalimu mwenye watoto hana fedha ya kununua vitu hivyo wala saa ya kuvitumia. Chuo kilikuwa kimemfundisha kwa vyombo ambavyo maisha hayakumpa tena. Miaka ikapita, si mitano wala kumi, bali zaidi ya thelathini. Wenzake waliosoma naye walikuwa wamekwisha kuwa walimu wa vyuo na wachoraji wa sifa.

Alipokwisha kustaafu, karibu na umri wa miaka 60, alianza tena. Mwaka 1987 alikaa Paa ya Paa, nyumba ya sanaa iliyoanzishwa Nairobi na Elimo Njau wa Marangu, ambaye naye alisoma Makerere. Na kwa kuwa rangi bado zilikuwa ghali, Rosemary alichukua vitu vilivyokuwa jikoni kwake: karatasi za kufungia sabuni, mifuko ya unga, kurasa za magazeti yenye rangi. Akazichana vipande vidogo vidogo, akazibandika kwa gundi, na kutokana na takataka zile wakatokea kuku, twiga, wanawake shambani. Picha hizo zilisafiri mpaka Ulaya na Marekani. Alifariki mwaka 2021, jina lake likiwa limeheshimiwa.

Twafurahi kwa ajili yake. Lakini na tuseme kweli: furaha hiyo ina uchungu ndani. Je, kama mwaka 1951 mwalimu mmoja angesema, "Wanafunzi, leo hakuna rangi, kila mtu atengeneze picha kwa kitu kilichomo jikoni kwao," miaka ile thelathini isingekuwa na picha? Hatuwezi kujua. Lakini somo twalijua. Kumpokea msichana darasani ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumfundisha kwa namna ambayo sanaa yake itaishi hata huko atakakokwenda, penye moshi wa kuni, na mtoto mgongoni, na mfuko usio na kitu.

Kosa la upande wa pili

Yafaa kuonya hapa juu ya kosa jingine, ambalo hufanywa na watu wenye nia njema. Baadhi ya walimu wale wa zamani waliipenda Afrika kwa namna ambayo iliwafunga Waafrika. Walihofu kwamba mwanafunzi akionyeshwa picha za Ulaya ataharibika. Basi wakamficha. Lakini mwanafunzi mzima, mwenye akili, akiambiwa, "Wewe chora kijiji tu, ndicho chako," naye amefungiwa mlango, ijapokuwa mlango huo umepambwa kwa sifa. Bibi Trowell alipostaafu mwaka 1958, aliyemfuata, Cecil Todd, alileta mafundisho ya historia ya sanaa ya dunia nzima, na wanafunzi wengi wakayapokea kwa njaa.

Vivyo hivyo kwa mwenye ulemavu. Tusimwambie kipofu, "Wewe suka vikapu tu, ndiyo kazi ya vipofu." Kikapu ni kazi ya heshima. Lakini pengine yeye ataka kufinyanga sanamu, au kuigiza jukwaani, au kutunga nyimbo. Kumjumuisha mtu si kumchagulia pembe yake ndani ya nyumba. Ni kumpa nyumba yote.

Nani afundishe?

Tumesema juu ya wanafunzi. Lakini mwalimu naye atoke wapi? Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mpaka pwani, kiko Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981. Kati ya walimu wake alikuwa Hukwe Zawose, mtu wa Ugogo, aliyeipiga ilimba na zeze na kuimba kwa namna iliyowashangaza watu wa dunia nzima mpaka alipofariki mwaka 2003. Hakujifunza muziki kwa alama za karatasini. Alijifunza kwao, kwa kusikia na kufuata. Chuo hakikusema, "Huyu hana shahada, na afagie uwanja." Kilimketisha penye kiti cha mwalimu.

Jambo hilo lina faida kubwa kwa mwanafunzi aliyetoka kijijini. Aonapo mzee kama babu yake akifundisha, mara atambua kwamba alichokileta kutoka nyumbani ni elimu, si ushamba. Je, katika wilaya yetu hakuna mafundi wa ngoma, wa kusuka, wa kuchonga, wa kufinyanga vyungu? Shule zetu za sekondari zingewaita hata mara moja kwa mwezi, tusingengoja chuo cha mbali kitufundishe kuwaheshimu.

Sheria na darasa

Sheria zimekwisha kusema. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wenye kutaka elimu ya kila ngazi iwe wazi kwao. Kongo yetu ilijiunga nao mwaka 2015. Tarehe 3 Mei 2022 nchi yetu ikapata sheria yake yenyewe ya kuwalinda watu hao na kuwaendeleza. Uganda, tangu mwaka 1990, iliwaongezea wasichana alama moja na nusu katika kuomba nafasi za vyuo vikuu vya serikali, ili wengi zaidi waingie.

Sheria hufungua mlango, haiwezi kufundisha. Mwalimu ndiye afundishaye. Naye afanye nini? Tuyataje machache yasiyohitaji fedha nyingi.

Kwanza, na aseme wazi ni nini anachokipima. Akisema, "Nataka picha ionyeshe uzito wa mzigo mgongoni," mwanafunzi ataweza kuuonyesha kwa burashi, kwa vidole, kwa udongo au kwa vipande vya karatasi. Lakini akipima unyofu wa mstari peke yake, amemshinda mwenye mkono utetemekao kabla hajaanza.

Pili, asiseme akiwa ameutazama ubao. Viziwi wengine husoma midomo. Midomo iliyogeukia ukutani ni kitabu kilichofungwa. Tena aandike maneno makuu ya somo, maana hayo humsaidia kiziwi na asiyekijua sana Kifaransa pamoja.

Tatu, aieleze kwa maneno kila picha aionyeshayo. "Upande wa kushoto mama ameinama, mwanga watoka nyuma yake." Kipofu atafaidika, na wenye macho watagundua kwamba walitazama bila kuona.

Nne, mwanafunzi akikwama kwa Kifaransa, aruhusiwe kuieleza kazi yake kwanza kwa Kiswahili au kwa Kibembe, kisha atafute maneno ya kigeni. Wengi huonekana wajinga, kumbe wamekosa maneno, si mawazo.

Tano, afundishe kwa vyombo vinavyopatikana. Mkaa, udongo mwekundu, majani, gome la mti, magunia, karatasi za sabuni. Anayejua kutumia vitu hivi hatanyamazishwa na umaskini.

Sita, asiwaulize wenye shida zao mbele ya wenzao. Na aulize faraghani, kwa heshima: "Ni nini kitakachokusaidia?" Mara nyingi mwanafunzi mwenyewe ajua jibu, na mara nyingi jibu ni jepesi: kiti cha mbele, saa moja zaidi, meza iliyo chini kidogo.

Na sisi wa nyumbani

Pengine wazazi wa Misisi watasema, "Haya yote ni ya walimu wa Kinshasa na Kampala. Sisi yatuhusuje?" Yatuhusu sana, maana mwanafunzi hufika chuoni akiwa amekwisha kufundishwa nyumbani kama yeye ni mtu au si mtu.

Dhahabu yetu huchimbwa kwa jasho, na twajua desturi yake. Huwezi kujua kwa kuutazama mchanga juu juu. Lazima uuoshe, uutikise kwa subira, maji yachukue yaliyo mepesi, ndipo kipande kidogo king'ae chini. Mchimbaji amwagaye mchanga kabla ya kuuosha, kila mtu humwita mpumbavu. Lakini mtoto mlemavu au msichana mwenye kipawa twammwaga kila siku kabla ya kumwosha, wala hakuna atuitaye wapumbavu.

Hatusemi kila mtoto achoraye mchangani atakuwa mchoraji mashuhuri. Wengi wa wanafunzi wa Hangari hatuyajui hata majina yao. Wala hatusemi sanaa yaleta fedha upesi. Rosemary alingoja mpaka uzee. Lakini fundi wa kuchora mabango, mwalimu wa michezo ya shule, mpambaji wa kanisa, mtengeneza picha za vitabu vya watoto kwa lugha yetu, hao wote wanahitajika, na baadhi yao waweza kutoka chini ya mwembe ule.

Basi, baba, jioni ya leo ukimwuliza mtoto wako amefanya nini, naye akajibu, "Si kitu," usiridhike na jibu hilo. Mwambie akupeleke mahali alipochora. Pengine upepo umekwisha kuufuta mchoro. Mwambie achore tena, nawe usimame pale mpaka amalize, hata kama achora kwa vidole.